Soko la ufukweni Baltimore: Wageni wameondoka, wenyeji hawajaalikwa

Na Mwandishi Wetu

WIKI hii ukurasa huu unaziacha kando bei za kahawa, korosho na fedha za kigeni ili kutazama bidhaa ya namna nyingine: jengo la maduka na mikahawa lililo ukingoni mwa maji, katikati ya mji, ambalo wateja wamelikimbia. Bidhaa hiyo iko Baltimore, katika jimbo la Maryland, Marekani, na inaitwa Harborplace.

Tarehe 2 Julai 1980 majumba mawili ya vioo yalifunguliwa hapo kwa shangwe kubwa, na katika mwaka wa kwanza yalitajwa kupokea watu milioni 18. Mwaka 2019 majumba hayo hayo yaliwekwa chini ya msimamizi wa mali aliyeteuliwa na mahakama, baada ya mkopeshaji kulalamika kwamba halipwi. Lililotokea katikati ya miaka hiyo ndilo linalomhusu kila mwenye mtaji anayeota kujenga maduka kando ya bahari, na hasa kila halmashauri ya mji inayombembeleza.

Kwanza mahali penyewe. Bandari ya ndani ya Baltimore, Inner Harbor kwa jina lake, ndiyo iliyouzaa mji huo. Meli zilipokuwa kubwa na makasha ya kontena yalipoingia, shughuli ya kupakia na kupakua ilihamia kwenye kina kirefu zaidi, na magati ya zamani yakabaki kuoza. Wakati huohuo watu walikuwa wakihama. Mwaka 1950 Baltimore ilihesabiwa kuwa na wakazi 949,708. Sensa ya 2020 iliwakuta 585,708. Mfanyabiashara yeyote atakwambia maana ya hesabu hiyo: kati ya kila wateja wanane waliokuwa wakipita mlangoni, watatu wamekwenda zao.

Meya wa wakati huo, William Donald Schaefer, alikuwa mtu wa harakaharaka asiyependa kuambiwa haiwezekani. Aliyemfuata kwa msaada ni James Rouse, mjenzi wa vitongoji na majengo ya maduka, ambaye alikwisha kuushangaza mji wa Boston mwaka 1976 kwa kulifufua soko kuukuu la Faneuil Hall. Wazo la Rouse lilikuwa jepesi kulieleza. Usijenge duka kubwa moja la kuvuta watu. Kusanya vibanda vidogo vingi vya vyakula, zawadi na vikorokoro, tia wapiga muziki na wachekeshaji nje, nao watu watakuja kutazamana wao kwa wao. Tuliite soko la tafrija.

Si wote waliofurahi. Kipande hicho cha ukingo kilikuwa uwanja wa wazi, watu wakikitumia kwa sherehe na kupunga upepo. Wakazi wa mtaa wa Federal Hill, ng'ambo ya maji, hawakutaka kuupoteza uwanja wao, na wenye mikahawa wa mtaa wa Little Italy waliona wazi kwamba wanaletewa mshindani kwenye ardhi ya umma. Suala likapelekwa kwenye sanduku la kura Novemba 1978. Wananchi waliamua kwamba eka 3.2 zitumike kwa biashara na sehemu iliyobaki ibaki wazi. Msomaji azishike hizo eka 3.2. Tutazihitaji baadaye.

Mwanzo ulikuwa mzuri kweli. Wafanyabiashara wadogo wa mji wenyewe walipata nafasi, wakiwemo Wamarekani weusi ambao benki zilikuwa zikiwapa kisogo. Mkahawa wa Phillips uliuza kaa kwa wingi usiosemeka. Mwaka 1981 makumbusho makubwa ya samaki, National Aquarium, yalifunguliwa jirani, na hoteli zikafuata. Hata miaka ya tisini ilipoingia palikuwa bado na uhai: vijana wa kikundi cha muziki cha Dru Hill walijulikana kwanza kwa kuimba huku wakipika peremende nyuma ya kaunta ya duka moja mle ndani. Tangazo la biashara kama hilo hulipati kwa fedha.

Miji mingine ikakimbilia kuiga, na hapo ndipo ilipoanza kuonekana kwamba dawa hii haimfai kila mgonjwa. Toledo, katika jimbo la Ohio, ilifungua soko lake la Portside mwaka 1984. Mwaka 1990 lilikuwa limefungwa, na jengo likaja kugeuzwa kuwa kituo cha sayansi cha watoto. Flint, mji wa viwanda vya magari, ulipata lake mwaka 1985, nalo halikufika mbali. Hata hivyo Baltimore iliendelea, na hilo liliwafanya wengi waamini kwamba kosa lilikuwa la Toledo na Flint peke yao.

Sasa tuingie kwenye daftari.

Mwaka 2004 kampuni ya Rouse ilinunuliwa na General Growth Properties, kampuni ya majengo ya maduka, kwa kiasi cha dola bilioni 12.6 madeni yakiwemo. Kwa mnunuzi huyo, Harborplace ilikuwa mstari mmoja tu katika orodha ndefu ya mali. Aprili 2009 General Growth yenyewe iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka 2012 Harborplace iliuzwa tena, safari hii kwa kampuni ya Ashkenazy ya New York, kwa karibu dola milioni 100. Miaka saba baadaye ikawa mikononi mwa mahakama.

Ni rahisi kumlaumu mwenye mali wa mwisho, na Baltimore wamemlaumu vya kutosha. Lakini tuliosomea biashara tunajua kwamba bei ya kununulia jengo ndiyo inayoandika kodi ya pango. Anayelipa milioni 100, nyingi kati yake zikiwa za mkopo, ana tarehe ya kulipa kila mwezi, mvua inyeshe lisinyeshe. Hawezi kumhurumia muuza ice cream.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Kibanda cha vyakula kinauza dola 40,000 kwa mwezi katika miezi minne ya joto, na dola 10,000 kwa mwezi katika miezi minane iliyobaki, kwa sababu Baltimore ina baridi na upepo wa bandarini haupendi mtu. Baada ya kulipia vyakula na wafanyakazi, mwenye kibanda anabakiwa na senti 30 katika kila dola. Pango ni dola 4,000 kwa mwezi, na mchango wa ulinzi, usafi na taa ni dola 1,000. Miezi ya joto inampa faida ya dola 28,000. Miezi ya baridi inamla dola 16,000. Mwisho wa mwaka ana dola 12,000 mkononi. Si tajiri, lakini yuko hai.

Sasa watalii wapungue kwa asilimia 30 tu. Mauzo ya miezi ya joto yanashuka hadi dola 28,000 kwa mwezi, na faida ya miezi minne inakuwa dola 13,600. Baridi inabaki palepale. Mwenye kibanda anafunga mwaka akiwa na hasara ya dola 2,400, na huyo haupiti mwaka wa pili kabla hajarudisha ufunguo.

Harborplace ilipata upungufu wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Phillips waliondoka mwaka 2011 na kuhamia jengo jingine hatua chache tu kutoka hapo. Ghasia za Aprili 2015, baada ya kifo cha kijana Freddie Gray aliyekuwa mikononi mwa polisi, ziliwatia hofu wageni wa kutoka nje ya mji. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na hapo watalii hawakupungua, waliisha. Nafasi zilizoachwa na wenye vibanda vidogo zilijazwa na maduka ya majina makubwa yanayopatikana katika kila mji wa Marekani, kisha nayo yakaondoka. Mkazi wa Baltimore hana sababu ya kuhangaika na maegesho ya mjini ili akanunue shati analolikuta karibu na nyumbani kwake.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo la mtalii ni kwamba hafiki siku ya tatu. Hula kaa, hupiga picha, huondoka. Soko linalomtegemea yeye peke yake halipati mtu wa kumkabidhi jembe.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni kwamba pilikapilika za ufukweni hazikufa Baltimore; zilihama. Upande wa mashariki, mwendo wa dakika kumi na tano au ishirini kwa miguu, umejengwa mtaa mpya wa Harbor East wenye ofisi, hoteli, fleti na duka kubwa la vyakula, na baada yake Harbor Point. Mwisho wa mwaka 2020 kampuni ya uwekezaji ya T. Rowe Price, iliyokuwa na makao yake makuu katika mtaa wa Pratt, ng'ambo tu ya barabara kutoka Harborplace, ilitangaza kuhamia Harbor Point. Hao ni wafanyakazi waliokuwa wakila chakula cha mchana Januari na Februari, wakati hakuna mtalii hata mmoja. Kumpoteza mteja wa Februari ni kubaya kuliko kumpoteza wa Julai, na mfano wetu wa kibanda unaonyesha kwa nini.

Mwaka 2022 mnunuzi mpya alipatikana: MCB Real Estate, kampuni ya Baltimore yenyewe, inayoongozwa na P. David Bramble, mzaliwa wa mji huo. Oktoba 2023 alionyesha mpango wake. Majumba yote mawili yabomolewe. Mahali pake pajengwe majengo mapya, pamoja na ya makazi yenye fleti 900 kwa jumla, refu kuliko yote likifika ghorofa 32. Njia ya waenda kwa miguu ukingoni iinuliwe, kwa sababu maji ya bandari yanapanda; kimbunga Isabel cha Septemba 2003 kilikwisha kuwaonyesha wenye maduka jinsi maji yanavyoingia bila kubisha hodi. Barabara zipunguzwe upana. Gharama zilitajwa kuwa dola milioni 900, milioni 500 za watu binafsi na milioni 400 za umma kwa ajili ya njia, barabara na bustani.

Hapa ndipo eka zetu 3.2 zinaporudi. Katiba ya mji haikuruhusu makazi kwenye ardhi ile, na eneo la biashara lilikuwa na mpaka. Ikabidi wananchi waulizwe tena. Novemba 2024 walipiga kura, baada ya kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu ya Maryland, na takriban asilimia 60 wakakubali eneo hilo liongezwe hadi eka 4.5 na nyumba za kukaa ziruhusiwe. Wapinzani walisema kwamba huko ni kuutoa ufukwe wa watu wote na kuwapa wachache wenye uwezo wa kulipia dirisha linalotazama maji. Waliounga mkono, akiwemo Meya Brandon Scott na Gavana Wes Moore, walisema kwamba ufukwe usiokuwa na watu haumfaidishi yeyote.

Mwandishi huyu anaona kwamba pande zote mbili zina hoja, ila zote mbili zinabishana zaidi juu ya urefu wa ghorofa kuliko juu ya kitu kitakachoamua kama biashara itasimama, nacho ni yule mwenye kibanda mwezi wa Februari.

Turudi kwake. Tuseme wakazi wa fleti na maofisini wanayapandisha mauzo yake ya miezi ya baridi kutoka dola 10,000 hadi 18,000 kwa mwezi, na watalii wabaki pungufu vilevile. Hasara ya dola 16,000 inageuka kuwa faida ndogo ya dola 3,200. Ukijumlisha na za miezi ya joto, anafunga mwaka akiwa na dola 16,800, zaidi ya zile alizopata enzi za watalii tele, na mwenye jengo amelipwa pango lake lote. Kwa hesabu hiyo, aliyefikiria makazi hakukosea.

Lakini je, fleti 900 zinatosha? Tukikisia watu 1,500 ndani yake, nao wakila nje mara mbili kwa wiki, na nusu ya mara hizo wakienda kwingine kwa sababu binadamu huchoka na chakula cha chini ya nyumba yake, tunapata sahani 1,500 kwa wiki. Ukizigawanya kwa mikahawa kumi ni sahani ishirini na kitu kwa siku kwa kila mkahawa. Zinasaidia, hazitoshi. Wakazi wa ghorofani ni chachu. Unga ni maelfu ya watu ambao tayari wanaishi na kufanya kazi katikati ya mji, upande wa pili wa barabara.

Na barabara hiyo ndiyo balaa. Mtaa wa Pratt na mtaa wa Light, inayokutana penye kona ya Harborplace, ni mipana mithili ya barabara kuu za kutokea mjini, na magari hupita kwa kasi. Mama mwenye mtoto mkononi na mwingine kwenye kigari hatavuka hapo kwa ajili ya kikombe cha kahawa. Mpango wa MCB unagusa jambo hilo, na lau ningeulizwa ni dola ipi ya umma itumike kwanza, ningesema ile ya kupunguza barabara, kabla ya yoyote ya kupamba. Jimbo lilikwisha kutenga dola milioni 67.5 kwa ajili ya njia ya ukingoni. Njia nzuri ambayo huwezi kuifikia kwa miguu ni mapambo.

Kuna dalili kwamba wenyeji wako tayari wakipewa sababu. Mwaka 2021 bustani ya Rash Field, kusini mwa bandari hiyohiyo, ilifunguliwa upya ikiwa na uwanja wa kuchezea watoto na mahali pa vijana wa ubao wenye magurudumu. Hakuna mtalii anayesafiri na ubao wa magurudumu. Wale ni watoto wa mji. Mdomoni mwa mto Jones Falls, tangu 2014, kuna mtambo wa kuokota taka majini uliotiwa macho makubwa na kupewa jina la Mr. Trash Wheel, na watu huenda kuutazama kama wanavyokwenda kumwona jamaa. Juni 2024 watu wapatao 150 waliruka majini huko Fells Point kuogelea, jambo ambalo halikuwa limefanywa hadharani na kwa ruhusa kwa zaidi ya miaka 40. Hivi vyote havikuuza hata soksi moja, lakini vimefanya kile ambacho Rouse alikijua: watu huenda walipo watu.

Kwa hiyo maoni ya ukurasa huu ni haya, kwa kadiri ya hesabu tulizonazo.

Pango la vibanda vidogo lihesabiwe kwa asilimia ya mauzo, angalau kwa miaka mitatu ya mwanzo. Kibanda chetu cha mfano, kikilipa asilimia 10 ya mauzo badala ya dola 4,000, kinapata faida ya dola 26,400 hata katika mwaka mbaya. Mwenye jengo naye anapata dola 19,200 badala ya 48,000, na hapo ndipo atakapopiga kelele. Apige. Nafasi iliyofungwa inampa sifuri, tena lazima ailinde na kuifagia. Ila asilimia inawezekana pale tu ambapo jengo halikununuliwa kwa bei ya juu na deni lake si zito, na hii ndiyo sababu mji, ukiwa mwenye ardhi na mtoa dola milioni 400, una haki ya kuuliza mnunuzi amekopa kiasi gani na kwa riba gani. Hakuna aliyeuliza mwaka 2004 wala 2012, au kama aliuliza, jibu halikuzuia chochote.

Sharti jingine liwe juu ya kuuza tena. Harborplace ilikufa mikononi mwa wenye mali walioinunua kama hati, wakiwa mbali. Mkataba wa ardhi uweke wazi kwamba mwenye mali akiacha zaidi ya sehemu fulani ya ghorofa za chini ikiwa tupu kwa miaka miwili, mji unaweza kuzichukua na kuzipangisha wenyewe. Mwekezaji mwaminifu hatalihofu sharti hilo.

Vyakula viuzwe vya mji. Baltimore ina soko la Lexington, lililoanza mwaka 1782, ambalo wenyeji wake hulipenda na kulilalamikia kama ndugu. Wauzaji wa namna ile, wa kaa, kuku na samaki, ndio wanaojua kumlisha mtu wa hapo kwa bei ya hapo. MCB, baada ya kuchukua majengo, iliwapa baadhi ya wafanyabiashara wadogo wa Baltimore nafasi ndani ya majumba yale ya zamani wakati mipango ikiendelea, na hilo ni jambo la kupongezwa. Swali ni kama watu hao watarudi kwenye jengo jipya linaposimama, au watakuwa wametumika kuwasha taa tu wakati wa kumsubiri mpangaji mwenye jina. Ahadi ya mdomo hapa haisaidii kitu. Iandikwe, na kima cha pango kitajwe.

Halafu kuna duka la vyakula vya nyumbani, la mkate, maziwa na nyanya. Haliko kwenye picha za kupendeza za wachoraji majengo, lakini mtu anayeshuka kununua maziwa saa moja jioni Jumanne ya Februari ndiye anayefanya mlango wa jirani usionekane umekufa.

Kitu ambacho sikishauri ni haraka ya kubomoa. Jacksonville, katika jimbo la Florida, ilikuwa na soko lake la Rouse, Jacksonville Landing, lililofunguliwa Juni 1987 kando ya mto St. Johns, jengo la umbo la kwato lenye paa la rangi ya machungwa. Ardhi ilikuwa ya mji, jengo la mtu binafsi, na tangu mwaka 2003 alipolinunua mwenye mali wa mwisho, pande hizo mbili ziligombana juu ya maegesho, matengenezo na nani aanze kutoa fedha. Mipango ya kulifufua ilichorwa na kuchorwa tena. Agosti 2018 mtu mwenye bunduki aliwaua vijana wawili katika mashindano ya michezo ya kompyuta mle ndani, na baada ya hapo hakukuwa na aliyebaki na moyo. Mwaka 2019 mji ulikubali kutumia dola milioni 18: milioni 15 kumlipa mwenye jengo, na zilizobaki kubomoa na kuwaondoa wapangaji. Mwaka 2020 jengo lilikuwa limekwisha, na kwa muda mrefu mahali pake palikuwa majani tu kabla ya kazi ya bustani ya umma kuanza. Mji ulilipa milioni 18 kununua uwanja uliokuwa wake tangu mwanzo.

Norfolk, Virginia, walikwenda njia nyingine. Soko lao la Waterside, la mwaka 1983, halikubomolewa lote. Lilifunguliwa upya mwaka 2017 kama mahali pa vyakula na burudani za usiku, chini ya kampuni ya Cordish, ambayo makao yake makuu, kwa kichekesho cha mambo, yako Baltimore. Si dawa kamili, maana burudani za usiku zina kelele na ugomvi wake. Ila taa hazikuzimwa.

Kwa anayetaka kuona ufukwe uliofanikiwa kibiashara hana haja ya kuvuka Atlantiki. V&A Waterfront ya Cape Town, iliyoanzishwa na kampuni yake mwaka 1988, iliuzwa mwaka 2006 kwa kiasi cha randi bilioni 7, na mwaka 2011 ikauzwa kwa randi bilioni 9.7 kwa Growthpoint na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali. Pale kuna maduka ya watalii tele, lakini pia kuna ofisi, fleti, na bandari inayofanya kazi, boti za wavuvi zikitengenezwa mbele ya macho ya mnywa kahawa. Tena ni hekta 123, si eka 4.5, na mwenye mali mmoja anaweza kulipia hasara ya kona moja kwa faida ya nyingine. Baltimore haina nafasi hiyo ya kukosea.

Kwa hiyo watakaofuatilia Harborplace watazame mambo mawili kabla ya picha za ghorofa 32. La kwanza ni ratiba ya zile dola milioni 400: ni kiasi gani kimekwisha kutolewa kweli, na kama kazi ya barabara imewekwa mbele au nyuma. La pili ni mikataba ya pango ya ghorofa za chini. Mtu akiipata hata mmoja, atazame kama pango limeandikwa kwa dola au kwa asilimia, na kama limeandikwa kwa dola, azidishe mara nane kwa miezi ya baridi.